Magari yanayochomekwa kwenye muvi na tamthilia: unajuaje hili limelipiwa?

KiooChaMbele (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Juzi usiku nilikuwa naangalia tamthilia moja ya upelelezi. Mtoto ametekwa, mvua inamwagika, stelingi amebakiwa na dakika sita. Anafika kwenye geti la maghala alikofichwa mtoto. Mtu mwenye uchungu hapo angeruka gari likiwa bado linatembea. Yeye hana haraka. Kamera inashuka mpaka usawa wa bampa, gari linaingia pole pole kama bibi harusi, linasimama nembo ikiwa katikati kabisa ya skrini, matone yanateleza juu ya boneti, taa zinapepesa. Moja, mbili, tatu, nne. Nilihesabu. Ndipo mlango ukafunguka. Mtoto kule ndani kafungwa kamba anasubiri tangazo lipite!

Jina la gari silitaji. Nikilitaja nitakuwa nimewafanyia kazi bure.

Sasa hoja yangu. Kampuni kuchomeka magari yake kwenye filamu ni jambo la miaka mingi na wala sina ugomvi nalo. Watu kwenye hadithi lazima wasafiri, na watasafiri kwa gari la kampuni fulani. Ninachotaka tujadili ni namna ya kulitambua gari lililoingia kwa mkataba. Wengi wetu hutazama nembo. Mimi natazama hadithi: pale inapopinda ili kulipisha gari, ujue kuna mkono wa mtu.

Mfano ambao nadhani wengi humu mnaujua ni ile Hyundai Tucson ya kijani kwenye The Walking Dead. Dunia imekwisha. Watu wamechakaa, nywele zimeshikana kwa jasho na damu, maji ya kunywa yenyewe ni ya kupigania. Halafu Tucson inatoka porini imetakata kama imetoka kuoshwa asubuhi hiyo. Hyundai walikuwa na makubaliano na tamthilia ile, na baadaye wakauza hata toleo maalumu la Tucson lenye jina lake. Unaweza kuamini maiti zinatembea, lakini ile rangi inakuamsha usingizini.

Hoja ya pili, na hii najua itanitafutia maadui: gari lililolipiwa halikumbukwi. Yanayokumbukwa yaliingia kwa mlango mwingine.

Tupieni mifano, hata ya kunipinga.

---

GiaYaNne

Mkuu, ya kwanza nakuunga mkono. Ya pili haisimami hata kwa magongo.

Chukua BMW Z3. Filamu ya GoldenEye ilitoka Novemba 1995, gari lenyewe likiwa bado halijafika kwa wauzaji. James Bond, mtu wa Aston Martin miaka nenda rudi, anakabidhiwa BMW. Duka la Neiman Marcus likaweka Z3 za toleo la 007 kwenye katalogi yake ya Krismasi; walipanga kuuza 20, wakaishia kuuza 100. Watu walikuwa wanaweka oda ya gari ambalo hawajawahi kukaa ndani yake. Sasa hapo nani hakumbuki?

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

> GiaYaNne amesema: Sasa hapo nani hakumbuki?

Mkuu, umenipa fimbo mwenyewe. Rudi ukaiangalie upya. Q, yule fundi wa vifaa vya Bond, anaeleza kwa mbwembwe kwamba nyuma ya taa za Z3 kuna makombora. Ukitajiwa kombora mapema, unalisubiri. Halafu? Bond analiendesha barabarani kule Cuba dakika chache, anambadilishia jasusi mmoja wa Marekani kwa ndege ndogo, basi. Hakuna kombora lililoruka. Gari limekuja, limepigwa picha, limeondoka.

Na kwenye filamu hiyo hiyo, mwanzoni kabisa, kuna Aston Martin DB5 ya zamani inakimbizana na Ferrari F355 juu ya milima ya Monaco. Muulize yeyote aliyeiona GoldenEye akutajie gari la Bond. Tujadili mauzo au tujadili kumbukumbu?

---

Mzee wa Kabureta

Vijana mnaongea kana kwamba mchezo huu ulianza na BMW. Kwenye televisheni ya Marekani kampuni za magari zilikuwa zinadhamini kipindi kizima. Kulikuwa na Route 66, ilirushwa kuanzia 1960 hadi 1964, Chevrolet wakiwa wadhamini. Vijana wawili wanazurura Marekani kwa Corvette ya Chevrolet hao hao, wanafanya vibarua huku na huku kupata hela ya kula. Mmoja aliachiwa hilo gari na marehemu baba yake, na zaidi ya gari hakuachiwa kitu. Sawa. Lakini kila msimu mpya ukianza, Corvette imekuwa ya mwaka mpya. Hakuna anayeeleza. Kibarua analala kwenye vyumba vya kupanga na kila mwaka anabadilisha Corvette.

Kwa kipimo cha mleta uzi hapo hadithi haikupinda tu, ilivunjika mgongo. Lakini watu walikaa mbele ya televisheni miaka minne na hawakulalamika. Tuseme ukweli, watazamaji tunasamehe mengi kama gari ni zuri.

Nyongeza. Herbie, ile Volkswagen Beetle yenye namba 53. Filamu ya kwanza ya 1968 ilificha nembo za Volkswagen, na jina la kampuni hawakulitaja. Gari likapendwa na dunia nzima bila nembo. Filamu ya pili, 1974, nembo hizo hapo mchana kweupe. Nyakati zilikuwa zimebadilika, Beetle ilikuwa inasukumwa sokoni na magari mapya, na kampuni ikagundua ina ndugu Hollywood.

---

Bonati

Shikamoo mzee. Hiyo ya kibarua kubadilisha Corvette kila mwaka imenimaliza 😂 Mimi natafuta hicho kibarua.

---

MshikaRimoti

Mnaongelea Hollywood tu, njooni kwenye tamthilia za Korea muone watu walivyoacha aibu. Huko kuchomeka bidhaa wenyewe wanaita PPL na ni halali kwenye televisheni yao tangu 2010, kwa kanuni kabisa: isizidi kiasi fulani cha muda wa kipindi, na bidhaa isijaze skrini.

Descendants of the Sun ya mwaka 2016. Sajenti Seo na daktari wake wa jeshi wako kwenye Hyundai, barabara nyeupe mbele yao. Mapenzi yamewaka. Mwanaume anabonyeza kitufe, gari linaanza kujishikilia lenyewe kwenye mstari, anaachia usukani, anamgeukia binti, wanabusiana. Gari linaendelea na safari! Nilikuwa nalia kwa hisia, nikajikuta nacheka peke yangu sebuleni. Walitusubirisha busu wiki na wiki, na lilipokuja, limekuja kama somo la kutumia kitufe.

Watazamaji wa kwao walilalamika sana, usalama uko wapi, huyu si askari? Ila kaka KiooChaMbele, ile hoja yako kwamba la kulipiwa halikumbukwi, mimi hapa ni miaka mingi na ninalikumbuka.

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

Dada, unakumbuka gari au unakumbuka aibu?

---

MshikaRimoti

Aliyelipa anajali tofauti?

---

NyumaYaKamera

Nimesoma mpaka hapa, naomba niongeze upande wa kazi yenyewe maana wengi wanadhani kuna mtu analeta begi la hela kwa mwongozaji. Mara nyingi hakuna begi. Kinachotolewa ni magari, na kwa mtengeneza filamu magari ni pesa.

Filamu ya kukimbizana haiwezi kuwa na gari moja. Unahitaji la kupigia picha za karibu, lisilo na mkwaruzo. Unahitaji mawili matatu ya kuruka na kugonga. Unahitaji jingine lililokatwa ili kamera iingie ndani. Yote yafanane mpaka rimu. Ukinunua mwenyewe bajeti imeondoka. Kwa The Matrix Reloaded ya 2003 walijenga kipande chao cha barabara kuu kwenye kambi ya zamani ya jeshi la majini huko Alameda, California, na General Motors wakatoa magari yapatayo 300 ya kuvunjwa. Yakavunjwa. Kwa malipo gani? Stelingi wanakimbia kwa Cadillac CTS, na wabaya wanawafuata kwa Cadillac Escalade EXT. Kule mbele na kule nyuma, yote ni Cadillac, chapa ya General Motors hao hao.

Malipo ya pili ni matangazo ya pamoja. Kampuni inatengeneza tangazo lake la televisheni lenye sura ya filamu, inalilipia yenyewe, na filamu inapata kelele za bure dunia nzima. BMW na GoldenEye ilikuwa hivyo: thamani kubwa ilikuwa kwenye kampeni, zaidi ya zile dakika za Cuba.

Kuna kitu kingine watu hawakijui. Gari unaloliona kwenye filamu kabla halijaingia sokoni mara nyingi ni la majaribio, lililoundwa kwa mkono au kabla kiwanda hakijaanza uzalishaji wa kawaida. Halina vibali vya kuuzwa. Filamu ikiisha linarudishwa na kwa kawaida linapondwa. Kwa hiyo usishangae wanakubali liruke kutoka ghorofani. Lilikuwa marehemu tangu mwanzo.

---

GiaYaNne

> NyumaYaKamera amesema: lilikuwa marehemu tangu mwanzo

Asante mkuu kwa darasa. Hapa ndipo napenda kisa cha Casino Royale, 2006. Aston Martin DBS inatakiwa ipinduke usiku, Bond amkwepe mwanamke aliyelazwa barabarani. Wakajaribu kwa njia ya kawaida, gari halipinduki! Limekaa chini mno, limeshika barabara. Ikabidi wafunge mzinga wa hewa chini ya bodi uisukume. Ikazunguka mara saba na kuingia kitabu cha Guinness. Hebu niambie kama kuna tangazo la uimara kuliko gari linalokataa kupinduka mpaka lipigwe mzinga.

Filamu hiyo hiyo ina Ford Mondeo. Bond anafika Bahamas akiwa nyuma ya usukani wa gari la familia, kamera inamfuata kwa heshima zote, muziki na upepo. Wakati huo Ford ndio walikuwa wenye Aston Martin. Mkuu KiooChaMbele, hiyo Mondeo nakupa bure, iweke kwenye kapu lako.

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

Nimeipokea kwa mikono miwili. Mondeo ndiyo hoja yangu ikiwa na magurudumu manne.

Tukiwa bado kwa Bond: Diamonds Are Forever, 1971. Ford walitoa magari kwa sharti kwamba Sean Connery, aliyeigiza Bond, aendeshe Mustang Mach 1. Akaiendesha, Las Vegas, polisi nyuma. Anaingia uchochoro mwembamba gari limeinuka kwa magurudumu ya upande mmoja, linatokea upande wa pili limeinuka kwa magurudumu ya upande mwingine. Walikuja kuchomeka kipande cha haraka Bond akiwa ndani analalia upande, eti gari liligeuka likiwa kati ya kuta. Angalieni wenyewe. Kosa hilo limedumu kuliko tangazo lolote lililotoka na filamu ile. Na hakuna aliyelipia kosa.

---

Mzee wa Kabureta

Mleta uzi, kwenye makosa siwezi kukuacha. Bullitt ya 1968, Mustang ya kijani inakimbizana na Dodge Charger nyeusi kwenye milima ya San Francisco. Mustang ile walikuwa wameing'oa nembo. Hata farasi wa kwenye grili hayupo. Charger inapoteza vifuniko vya rimu vingi kuliko magurudumu iliyonayo. Na kuna Volkswagen Beetle ya kijani wanaipita, wanaipita tena, na tena, kama dereva wake ana haraka kuliko wao.

Gari lisilo na nembo. Na Ford wakaja kutengeneza Mustang za toleo la Bullitt mwaka 2001, wakarudia 2008, wakarudia tena 2019. Ile iliyotumika kwenye filamu ilipigwa mnada Januari 2020 ikapita dola milioni 3.

---

Bonati

Kwa hiyo ukitaka gari lako likumbukwe ng'oa nembo? Wataalamu wa matangazo wasiusome huu uzi, watalia.

---

TairiLaAkiba

Naomba nitetee upande wa kampuni kidogo. Smokey and the Bandit, 1977. Pontiac Trans Am nyeusi, ndege wa dhahabu kwenye boneti. Pontiac walitoa magari machache tu. Angalia mauzo ya Trans Am: 1977 zaidi ya 68,000, 1978 zaidi ya 93,000, 1979 zaidi ya 117,000. Magari machache yaliyovunjwa kwa kurushwa madarajani yamezaa hayo yote. Hapo mtu anaweza kusema haifanyi kazi?

---

NyumaYaKamera

Mkuu TairiLaAkiba, namba zako ni sahihi ila umeanzia katikati. Rudi nyuma kidogo: 1975 walitengeneza zaidi ya 27,000, na 1976 zaidi ya 46,000. Filamu ilitoka Mei 1977. Gari lilikuwa tayari linapanda mlima kabla stelingi wake Burt Reynolds hajavaa ile kofia. Filamu ilisukuma, sikatai, ila ilisukuma gari lililokuwa limeshawaka.

Ugumu wa biashara hii ndio huo. Mauzo yakipanda kila mtu anainua mkono, mwenye filamu, mwenye tangazo la gazetini, fundi aliyebuni ile rangi. Yakishuka hakuna filamu inayokumbukwa.

---

TairiLaAkiba

Sawa, hiyo nimeikubali. Lakini aliyekuwa anapanda mlima kwa mguu akaopoa lifti, utasema lifti haikumsaidia?

---

MshikaRimoti

😂😂 Hapo pagumu.

---

Bampa la Nyuma

Mimi nina upande mwingine: kampuni zinazokataa. Kwenye Slumdog Millionaire ya 2008 mwongozaji Danny Boyle alieleza kwamba Mercedes-Benz walitaka nembo zao ziondolewe kwenye picha za makazi duni. Ikabidi zifutwe kwa kompyuta wakati filamu ilikuwa imeshapigwa. Tajiri wa kihuni akiendesha ni sawa, ila gari lisionekane limeegeshwa kwa maskini. Mimi hiyo ilinifundisha kuliko matangazo yao yote.

Na waliokosa bahati. The Italian Job, 1969, Mini tatu zinashuka ngazi za Turin. Wenye Mini, yaani BMC, hawakuonyesha hamu. Waliwauzia magari machache kwa bei ya jumla, mengine wakanunue kama mteja mwingine. Fiat wakaja na ofa nono, magari kadiri mtakavyo na pesa juu, ilimradi wezi waendeshe Fiat. Watengenezaji wakakataa, wakisema hadithi ni ya Waingereza kwenda kuwaibia Waitaliano kwao. Na Fiat, waungwana wale, bado wakawasaidia Turin, mpaka ule uwanja wa majaribio juu ya paa la kiwanda chao cha Lingotto unaonekana kwenye filamu. Matokeo yake, tangazo bora la Mini lilipigwa nyumbani kwa Fiat.

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

Bampa la Nyuma, umeniwekea tofali. Niongeze DeLorean. Back to the Future ni ya 1985, kampuni ya DeLorean ilifilisika 1982. Hakukuwa na mtu wa kulipa wala gari la kuuza. Walilichagua liwe mashine ya kusafiri kwenye wakati kwa sababu familia ya shambani ya mwaka 1955 ikiona milango inafunguka kwenda juu, itadhani ni chombo cha anga. Kazi ya hadithi. Toyota wamo kwenye filamu hiyo hiyo, ile pikapu nyeusi anayoiota stelingi Marty. Nzuri kweli. Lakini hakuna mtu anayevaa fulana ya ile pikapu.

---

GiaYaNne

Kuna wanaovaa mkuu, tembea uone.

Nakuja na silaha nzito sasa. Transformers, 2007. Kwenye midoli ya zamani Bumblebee, roboti anayejigeuza gari, ni Volkswagen Beetle. Kwenye filamu ni Chevrolet Camaro, kwa sababu General Motors (GM), wenye Chevrolet, ndio walioshirikiana na filamu. Wakatia hata kijembe: kwenye yadi ya magari kuna Beetle ya njano imeegeshwa jirani, Camaro kuukuu inafungua mlango na kuibamiza. Baadaye binti anaitukana ile Camaro kuukuu, nayo inakasirika, inajibadilisha kuwa Camaro mpya inayong'aa, ambayo wakati huo haikuwepo dukani. Ilikuja kuuzwa 2009. Watoto walikulia na Camaro ya njano. Hilo si limelipiwa na linakumbukwa?

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

Hapo umenibana, sidanganyi. Nimeandika jibu mara mbili nikafuta.

Labda nirekebishe. Kwenye Transformers gari ndilo mhusika. Linakasirika, linaona haya, linampigia kijana redio akiwa na msichana. Hadithi haina haja ya kupinda kulipisha gari kwa sababu hadithi ndiyo gari. Na ile BMW 750iL ya Tomorrow Never Dies, 1997, Bond amejilaza kiti cha nyuma anaiendesha kwa simu ndani ya jengo la maegesho: imelipiwa vile vile, na kwangu ni bora mara kumi kuliko Z3, kwa sababu ukiitoa hakuna tukio. Z3 ukiitoa filamu inakwisha dakika tano mapema na hakuna anayegundua.

Kwa hiyo hoja ya pili naiandika upya: gari la kulipiwa linakumbukwa likipewa kazi. Likiletwa kusimama tu, linasahaulika.

---

Bonati

Mleta uzi kabadili gia angani bila klachi.

---

TairiLaAkiba

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu Transformers. GM waliomba kinga ya kufilisika tarehe 1 Juni 2009, na filamu ya pili ikatoka mwezi huo huo. Magari yao yanaokoa dunia kwenye skrini, kampuni yenyewe inasubiri kuokolewa na serikali.

---

Mzee wa Kabureta

Na msisahau wanaochomeka feki. Miami Vice ilianza 1984, mpelelezi anaendesha Ferrari Daytona nyeusi. Haikuwa Ferrari. Ilikuwa bodi ya kuigiza juu ya chesisi ya Corvette. Ferrari walikasirika, waliwafikisha mahakamani watengenezaji wa nakala zile. Mwisho wakatoa Testarossa mbili za kweli, na kwenye kipande cha kwanza cha msimu wa tatu, 1986, ile Daytona ya uongo ikalipuliwa kwa kombora mbele ya mwenyewe. Mnaona? Hadithi ilipindishwa ili kumwua mwigo. Na kilikuwa kipande kitamu.

Sasa kijana mleta uzi, hiyo utaipima vipi kwa kipimo chako?

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

Mzee wangu, kipimo kimekatika. Kwamba mkataba wa gari unaweza kuzaa tukio zuri kuliko lililokuwepo, hilo sikuliwazia.

---

Bampa la Nyuma

Swali kwa wanaojua: kisheria wanaruhusiwa kutuficha?

---

NyumaYaKamera

Inategemea nchi, na inategemea kama ni televisheni au sinema. Uingereza televisheni iliruhusiwa kuonyesha bidhaa za kulipiwa tangu tarehe 28 Februari 2011, na lazima herufi P itokee kwenye kona kipindi kinapoanza, kinapotoka kwenye matangazo na kinapoisha. BBC hawaruhusiwi kwa vipindi vyao vya nyumbani. Marekani sheria ya mawasiliano ya 1934 inataka aliyelipia atajwe, ndiyo maana mwisho wa kipindi majina ya kampuni yanapita mbio kama yanafukuzwa. Filamu za sinema ziko huru zaidi. Unalipa tiketi, unakaa gizani, unaonyeshwa.

Kuna waliochoka kujificha kabisa. BMW mwaka 2001 walitengeneza filamu fupi zao wenyewe, The Hire, wakaziweka kwenye intaneti bure. Mwigizaji Clive Owen ni dereva, na waongozaji ni kina Ang Lee, Wong Kar-wai na Guy Ritchie. Zilifika nane. Kila mtu anajua ni tangazo, na kila mtu anaangalia. Hapo gari lina kazi tangu sekunde ya kwanza, na wala hakuna mtoto anayesubirishwa ghalani.

---

MshikaRimoti

Na kinyume chake kipo. Leave the World Behind ya Netflix, 2023, Tesla nyeupe zinajiendesha zenyewe bila watu na kugongana moja baada ya nyingine mpaka barabara inaziba. Hiyo bila shaka haikuwa zawadi ya kampuni, Elon Musk mwenyewe alijibu mtandaoni kuitetea Tesla. Kwenye kumbukumbu yangu ziko pale pale jirani na lile busu la Hyundai. Magari mawili yanayojiendesha, moja wamelichomeka kwa mapenzi na jingine kwa hofu.

---

GiaYaNne

Kabla sijalala, moja la mwisho kwa wapenzi wa DB5. No Time to Die, 2021, ile DB5 inayozunguka na kumwaga risasi Matera, Italia. Za kuchezea hatari zilikuwa nane, bodi za kaboni zenye sura ya mwaka 1964. Ndani yake waliweka injini ya BMW M3. Tangu 1999 BMW hawakumpa tena Bond gari lake, wakarudi kupitia chini ya boneti, bila nembo na bila tangazo.

---

Mzee wa Kabureta

Hiyo nimeipenda. Nembo imeng'olewa tena.

---

MshikaRimoti

Kaka KiooChaMbele, uzi umekuwa mrefu na bado hujatuambia. Ile tamthilia ya juzi, muuaji alikuwa nani mwishowe?

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

Dada, unajua sikumbuki? Nadhani ni yule jirani. Au mjomba.

---

MshikaRimoti

Na gari?

---

KiooChaMbele (mleta uzi)

Rangi ya kijivu cha risasi, taa nyembamba zinazowaka kuanzia katikati kwenda pembeni, vishikio vya milango vinatoka vyenyewe ukisogea. Ukifunga linapiga mlio mdogo hivi, kama chenga ya glasi.

Jina bado silitaji.